Kuchagua vyombo vya programu huria ukiwa Bukavu: mwongozo kamili, toka folda ya kwanza mpaka kitabu cha maelezo

Wandugu na dada, hii nimeiandika juu watu wengi wananiulizaka swali moja: tuko na programu yetu ndogo, tunataka kuifungua iwe huria, ili kila mtu aione kodi yake (maandishi yanayoiunda) na aisaidie, sasa tuanze na vyombo gani? Na mara nyingi yule anayeuliza ameshaona video ya mtu wa mbali, mtu ambaye koneksio yake haikatikaki na kompyuta yake ni ya bei, amenakili orodha yote ya vyombo vyake vile vile ilivyo. Mimi pia nilifanya hivyo na ilitugharimu miezi. Kwa hiyo nitaeleza njia yote, na mfano wangu utakuwa programu yetu wenyewe, ya kuandika michango ya likirimba, kikundi cha watu wanaochanga pesa na kupokea kwa zamu: nani ametoa, nani amechelewa, zamu ya kupokea ni ya nani. Imeandikwa kwa Python, lugha ya kutengenezea programu. Tuko watu watano, watatu hapa Bukavu, mmoja Goma, mmoja Uvira.

Kabla ya chombo chochote, andika watu

Chukua karatasi, usifungue kompyuta bado. Andika jina la kila mtu atakayeshika kazi hii, na pembeni yake andika: kompyuta yake ni ya namna gani, iko na RAM ngapi, umeme anaupata saa ngapi, mega (data ya intaneti) anazinunua yeye mwenyewe ao kuna mtu anamlipia, anasoma lugha gani vizuri. Ukimaliza tafuta mtu mwenye hali ngumu kuliko wote kwenye ile karatasi, halafu zungushia jina lake duara.

Kwetu alikuwa dada mmoja wa Bagira. Kompyuta ya okazyo (iliyokwisha kutumika) yenye RAM ya giga 4, umeme sana sana usiku, mega ni za simu anazogawia kompyuta. Na kumbe yeye ndiye anajua likirimba kuliko sisi wote, juu mama yake ni mwandishi wa likirimba moja kwa miaka mingi. Maana yake mtu tunayemuhitaji zaidi ndiye mtu ambaye chombo kizito kitamfungia mlango kwanza. Njo maana tuliweka sheria: chombo ambacho kwake hakitembei, kwetu hakiingii, hata kama ni kizuri namna gani.

Sheria yenyewe inakuja na maswali matatu, na mimi nayauliza mbele ya kila chombo mpaka leo. Inafanya kazi bila koneksio? Inakula mega ngapi siku ya kuiweka, na ngapi kila wiki baada ya pale? Na tukiiacha kesho, mikononi tunabaki na nini? Hili la tatu watu wanalirukaka, na ndilo linaumiza baadaye, maana kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndiyo ngoma.

Sisi tuliruka yote matatu. Tulichagua chombo cha maelezo, yaani cha kuandikia namna programu inatumika, kinachotengeneza tovuti nzuri sana, sitakitaja jina juu kosa lilikuwa letu la kutokipima, kilikuwa kinavuta vifurushi vingi vingi vya JavaScript (programu ndogo za watu wengine) kabla hujaandika hata neno moja. Yule dada alijaribu kukiweka mara tatu, koneksio ikakatika katikati mara zote tatu, mega zikaisha. Hakusema kitu. Alinyamaza tu kwenye kikundi, na sisi tukafikiri amechoka na kazi, kumbe alikuwa anaona haya kusema hana pesa ya kununua mega zingine. Miezi miwili ukurasa wote wa maelezo uliandikwa na mimi peke yangu, na mimi likirimba niliijua nusu nusu.

Git, na kwa nini inafaa sana watu wa ziwa letu

Hapa nitakaa kidogo, juu ni msingi. Git ni chombo kinachochunga kila badiliko la faili zenu. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, wakati watengenezaji wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo walichokuwa wanatumia mbele. Walikuwa watu wengi wametawanyika dunia nzima, na walihitaji kitu ambacho kila mtu anaweza kufanyia kazi kwake bila kuomba ruhusa kwa seva moja. Ndiyo hali yetu kabisa.

Fikiria daftari la likirimba. Kwa mifumo ya zamani kama Subversion, daftari liko kwa mwandishi, ukitaka kuandika kitu lazima ufike kwake. Kwa Git kila mmoja ana daftari lote nyumbani, toka ukurasa wa kwanza, pamoja na kila mstari uliofutwa na nani aliufuta. Unaandika usiku bila koneksio, unafanya komiti (unachunga badiliko pamoja na jina lako) bila koneksio, unasoma historia yote bila koneksio. Mtandao unauhitaji tu siku ya kulinganisha madaftari.

Na hata ile siku unaweza usiuhitaji. Kuna amri watu wengi hawaijui, `git bundle`. Inafunga repo yote, yaani folda ya mradi pamoja na historia yake, ndani ya faili moja, unaiweka kwenye fleshi, unampa mtu anayepanda boti kwenda Goma:

```
git bundle create likirimba.bundle --all
git tag boti1
```

Mwenzetu wa Goma akiipokea anafanya:

```
git clone likirimba.bundle likirimba
```

Ile tagi `boti1` ni alama ya kwamba mpaka hapa ameshapata. Safari ijayo hatutumi vyote tena, tunatuma tu kilichoongezeka, na faili inakuwa ndogo sana, hata kwa WhatsApp inapita:

```
git bundle create mpya.bundle boti1..main
```

Naye, akiwa ndani ya folda ya repo, anaiangalia kwanza kwa `git bundle verify mpya.bundle`, kisha anavuta: `git pull mpya.bundle main`. Hiyo `main` ni jina la brenchi, njia kuu ya kazi; kama yenu inaitwa `master`, badilisha jina. Usinakili folda yote na kuibandika kwenye fleshi, wengi wanafanyaka hivyo, halafu faili moja ndani inaharibika ao mtu anabandika ya zamani juu ya mpya na kazi ya wiki inapotea. Bundle ni faili moja, na `verify` inakuambia kama umbo lake ni sahihi na kama uko na vipande vinavyotangulia.

Kwa anayevuta repo kubwa ya watu wengine kwa mega za simu: `git clone --depth 1` inaleta hali ya leo tu bila historia yote. Inatosha kwa kusoma na kujaribu.

Nyumba ya repo: GitHub, GitLab ao Codeberg

Watu wanachanganyaka Git na GitHub. Git ni chombo, GitHub ni nyumba ya kuwekea, ilifunguliwa mwaka 2008 na Microsoft ikainunua mwaka 2018. GitLab ni nyumba ingine, na programu yake unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Codeberg ni ya shirika lisilo la faida huko Ujerumani, inapokea miradi huria tu, na inatembea kwa programu huria inayoitwa Forgejo, ambayo ni nyepesi hata kompyuta ndogo inaibeba.

Maoni yangu: kama unatafuta watu wa kukusaidia, weka GitHub, juu vijana wengi wa kwetu njo wako kule na akaunti wanazo tayari. Lakini usiifanye iwe nyumba moja tu. Mwaka 2019 GitHub ilifungia huduma nyingi watu wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, watu ambao hawakufanya kosa lolote, waliamka na kukuta hawafikii repo zao za siri. Sisemi kwetu itafika, nasema mtu mwenye nakala mbili analala. Kuongeza nyumba ya pili ni mistari miwili, ukishafungua repo tupu kule:

```
git remote add akiba ANWANI_YA_REPO_YA_PILI
git push akiba --all
```

Tagi zinaenda na `git push akiba --tags`. Fanya kila mwisho wa wiki.

Jambo lingine la kujua mapema ili usikwame: toka tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei tena neno la siri la kawaida ukisukuma (ukituma) kazi kwa Git, unatumia ufunguo wa SSH (jozi ya faili za kukutambulisha) ao tokeni (neno refu la siri ambalo GitHub inakutengenezea). Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, ile faili ya `.pub` ndiyo unaipeleka GitHub, ile ingine haitoki kwenye kompyuta yako kabisa. Na kwa ulinzi wa hatua mbili chagua programu ya simu inayotoa namba kila sekunde 30, siyo SMS, juu ile programu haihitaji koneksio wala reseau. Zile kodi za kuokoa akaunti ambazo GitHub inakupa uziandike kwenye karatasi, uzichunge pamoja na vitambulisho vyako. Simu inapoteaka.

Faili tatu za kwanza

Hapa ni haraka. `README.md` inasema programu inafanya nini, ni ya nani, inawekwaje, kwa mistari ambayo mtu anasoma wakati anangoja moto (pikipiki) ya kumpeleka Nyawera. `CONTRIBUTING.md` inasema mtu akitaka kusaidia aanzie wapi na aulize wapi. Na `LICENSE`.

Leseni msiisahau. Kuna watu wanafikiri ukiweka kodi hadharani bila leseni basi ni ya wote, hapana, ni kinyume: bila leseni haki zote zinabaki kwako na mtu mwingine hana ruhusa ya kunakili ao kubadilisha. MIT ni fupi na inaruhusu karibu kila kitu, hata mtu kuifunga na kuiuza. GPL inaruhusu pia kuuza lakini inadai anayeigawa akiwa ameibadilisha agawe na kodi yake kwa leseni ile ile. Sisi tulichagua GPL, juu hatukutaka mtu achukue daftari la mamama na kulifungia. Kwa maandishi na picha za maelezo tuliweka CC BY-SA 4.0.

Maandishi yenyewe: amua umbo kabla ya chombo

Maelezo yaandikwe kwenye faili za maandishi matupu, ndani ya repo ile ile ya kodi, kwenye folda `docs`. Siyo Word, maana Git haiwezi kukuonyesha vizuri ni neno gani limebadilika ndani yake. Siyo karatasi za mtandaoni zinazofunguka tu ukiwa na koneksio. Faili tupu inafunguka kwenye kompyuta ya miaka 15 na kwenye simu, na mtu anayebadilisha kodi anabadilisha maelezo kwa komiti ile ile.

Umbo ninalopendekeza ni Markdown, John Gruber aliitoa mwaka 2004, alama ya `#` ni kichwa, nyota mbili ni herufi nzito, mtu anajifunza ndani ya nusu saa. Kuna reStructuredText, iko na nguvu zaidi kwa vitabu vikubwa vyenye marejeo mengi ya ndani lakini inasumbua kwa nafasi na mistari, wanaoanza wanakata tamaa. Kuna AsciiDoc, iko katikati ya hizo mbili, nzuri sana kwa majedwali. Kama karatasi yako ya watu inaonyesha kwamba waandishi wako siyo watengeneza programu, usihangaike, Markdown.

Chombo cha kugeuza maandishi kuwa tovuti ao kitabu

Sasa tumefika pale wengi wanaanzia. Jua kwanza kwamba unaweza usihitaji chombo chochote. GitHub na wenzake wanaonyesha Markdown vizuri moja kwa moja, kurasa sita ndani ya folda `docs` zinasomeka bila kuweka kitu. Sisi tuliishi hivyo muda mrefu baada ya lile kosa la kwanza, na hakuna aliyelalamika.

Ukihitaji zaidi, MkDocs ni ya Python, inasoma Markdown, faili moja ya mipango `mkdocs.yml`, basi. `mkdocs serve` inakuonyesha tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe bila intaneti, na unavyoandika inajigeuza. Sphinx pia ni ya Python, Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya maelezo ya Python yenyewe, hiyo chagua kama programu yako ni maktaba ambayo watengenezaji wengine wataitumia, juu inaweza kuvuta maelezo toka ndani ya kodi na kuyapanga. mdBook na Hugo ni faili moja tu unapakua na kutumia, hakuna vifurushi vingine vinavyofuata, kwa mtu wa mega chache hiyo ni zawadi. mdBook inatoa kitu kama kitabu chenye sura, Hugo ni tovuti ya kila namna lakini mipango yake ni mingi. Docusaurus, iliyotoka Facebook mwaka 2017, ni nzuri kwa miradi mikubwa yenye matoleo mengi na lugha nyingi, lakini inataka Node, programu ya kuendesha JavaScript, na vifurushi vyake vingi, kwa hiyo pima na ile karatasi yako ya watu.

Usichague kwa kusoma tu, hata haya yangu. Fanya jaribio la jioni moja. Chukua vyombo viwili tu, visiwe vitano. Kaa kwenye kompyuta ya yule uliyezungushia duara, siyo yako. Angalia mega kabla na baada ya kuweka. Kisha zima koneksio kabisa, mpe yeye kibodi, umwambie aandike ukurasa mmoja wenye kichwa, picha moja na jedwali moja, ajenge tovuti, na aifungue kwenye simu. Wewe kaa pembeni, nyamaza, andika kila mahali anapokwama. Sisi tulilinganisha MkDocs na Sphinx kwa namna hii. Kwa MkDocs dada alimaliza kabla ya chai kupoa. Kwa Sphinx alikwama kwenye jedwali, na mimi ninayeijua nilikwama naye. Hatukujadili tena.

Mambo mawili ya MkDocs ambayo hayasemwi sana. Ukitaka tovuti ifunguke moja kwa moja toka kwenye fleshi bila seva, weka `use_directory_urls: false` kwenye `mkdocs.yml`, bila hiyo mtu akibonyeza kiungo brauza inamwonyesha folda badala ya ukurasa. Na kisanduku cha kutafuta, kile kinachokuja nayo, hakifanyi kazi ukifungua hivyo toka kwenye faili, kwa hiyo tengeneza ukurasa wa yaliyomo wenye viungo vyote, kama kitabu cha shule. Kwa kijiji ambako hakuna intaneti ile folda `site` kwenye fleshi ndiyo tovuti yenyewe.

Angalia pia toleo la mwisho la chombo lilitoka lini na ni watu wangapi wanakitunza. Vyombo vinazeeka. Lakini kama maandishi yako ni Markdown safi, bila zile alama za pekee ambazo chombo kimoja tu kinazielewa, kuhama ni kazi ya siku mbili. Ujizuie na mapambo, kila pambo ni kamba inakufunga.

Kwa karatasi: waandishi wengi wa likirimba wanataka kitu cha kushika. Pandoc inageuza Markdown kuwa faili ya Word ao EPUB kwa amri moja. Kwa PDF jihadhari, kwa kawaida inataka LaTeX, programu ya kupanga kurasa, na LaTeX ni nzito sana kupakua. Sisi tunatoa Word, tunaichapisha mara moja na fotokopi inafanya iliyobaki.

Lugha, na somo tulilopewa na mama mmoja

Kwenye orodha za vyombo utakazokuta, lugha inawekwa mwisho kabisa. Kwetu ni ya kwanza, juu mtengenezaji anasoma Kifaransa na Kiingereza kidogo, lakini anayeandika michango anasoma Kiswahili, na siyo kila Kiswahili.

Upande wa kodi tumia gettext, chombo cha kutenga maneno ya kutafsiri. Python inakuja nayo tayari, hakuna cha kupakua. Maneno yote ambayo mtumiaji anayaona yanatoka kwenye kodi na kuingia kwenye faili za PO, mstari wa `msgid` ni neno la asili, mstari wa `msgstr` ni tafsiri. Mtu asiyejua kodi hata kidogo anazifungua kwa Poedit, inafanya kazi bila koneksio, anajaza, anakurudishia. Kama watafsiri wako wengi na wako na koneksio, Weblate inapokea miradi huria bure kwenye seva yake na inaunganika na Git. Lakini mimi ninaipenda Poedit na fleshi.

Faili ya lugha usiiite `sw` peke yake bila kufikiri. Kuna `sw_CD`, Kiswahili cha Kongo, na programu inaweza kuangalia `sw_CD` kwanza, isipopata inarudi kwa `sw`. Sisi mwanzoni tulichukua maneno ya programu zingine zilizotafsiriwa mbali, tukayabandika. Tukampelekea mama wa yule dada. Alikaa na kompyuta, akasoma kila kitufe kwa sauti, halafu akaniuliza: «Mutoto wangu, hii *hifadhi* ni nini? Na hii *nywila* ni chakula?» Nikamwambia, mama, hifadhi ni kuweka kitu kisipotee. Akasema: «Aaa, kuchunga. Sasa mbona haukuandika *chunga*?»

Tulikaa naye mchana mzima. Hifadhi ikawa Chunga. Nywila ikawa Neno la siri. Mahali tuliandika «adhabu ya kuchelewa» akasema hapa watu wanasema amande, tukaandika amande. Kila neno tuliliweka kwenye faili `docs/maneno.md`, neno la asili, neno letu, na kwa nini, ili mtu mpya asirudishe nywila. Hiyo faili ndogo ninaiona ni ya thamani kuliko chombo chochote nilichotaja hapa, na iligharimu mchana mmoja na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa.

Kwa kurasa ndefu za maelezo, msitafsiri zote. Maelezo ya mtumiaji yaandikwe Kiswahili toka mwanzo, maelezo ya mtengenezaji Kifaransa, README iwe na zote mbili. Kutafsiri kila kitu kwa lugha tatu ni kuahidi kazi ambayo hakuna mtu wa kuifanya, na ukurasa uliotafsiriwa ukaachwa nyuma unadanganya watu.

Kihariri na kompyuta tofauti tofauti

Usimlazimishe mtu kihariri, yaani programu ya kuandikia kodi. VS Code ni nzuri, mimi ninaitumia, kwa giga 4 za RAM inabanwa kama brauza iko wazi pembeni. Geany ni nyepesi sana na inatosha. Mwenzetu wa Uvira anaandika kwa simu ndani ya Termux, programu ya kuandika amri kwenye Android, Git inatembea mule, Python inatembea mule, na komiti zake ziko safi kuliko za wengi.

Kile mnachotakiwa kukubaliana ni matokeo. Weka faili `.editorconfig` inayosema nafasi ngapi na UTF-8 (namna ya kuchunga herufi). Weka `.gitattributes` yenye mstari mmoja, `* text=auto`, juu Windows na Linux zinamaliza mistari kwa namna tofauti, na bila huo mstari utaona faili nzima imebadilika wakati mtu aligusa neno moja, na mtagombana bure. Kwa Python ongeza Ruff ipange kodi yenyewe, mabishano ya nafasi yaishe.

Vifurushi bila koneksio

Kila kifurushi unachoongeza ni mega za mtu. Mbele ya kuongeza angalia kama Python haina tayari: sqlite3 iko ndani, csv iko ndani, unittest iko ndani. Programu yetu ilikuwa na vifurushi kumi na moja, leo ni vitatu.

Hivyo vitatu, vilivyoorodheshwa kwenye faili `requirements.txt`, mtu mmoja mwenye koneksio nzuri anavipakua kwa wote:

```
pip download -d vifurushi -r requirements.txt
```

Folda `vifurushi` inaingia kwenye fleshi, wengine wanaweka hivi:

```
pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt
```

Lakini angalia, vifurushi vingine vinategemea mfumo na toleo la Python. Kilichopakuliwa kwa Linux kinaweza kukataa kwa Windows. Kubalianeni toleo moja la Python, mliandike kwenye README. Na maelezo ya Python yenyewe yapakueni mara moja kwa Zeal, programu ya kusomea maelezo bila koneksio, mtu atafute neno usiku wa manane bila mega.

Tesiti na ukaguzi

Tesiti, kodi fupi zinazojaribu programu, zitembee kwanza kwenye kompyuta ya kila mtu, kwa amri moja, chini ya dakika moja. Kisha GitHub Actions, ambayo ni bure kwa repo za hadharani, irudie yote kila mtu akisukuma. Kwa maelezo ongeza `mkdocs build --strict`, kiungo cha ndani kikivunjika ujenzi unakataa. Nimeona watu wanaanza na seva ya ukaguzi ya ajabu kabla ya kuwa na tesiti hata tano, hapana, andika tesiti za hesabu ya pesa kwanza, mama akikuta franka mia tano zimepotea hatafungua tena hiyo programu.

Maamuzi yaandikwe

Tunaongea kwa WhatsApp, hakuna namna, kila mtu yuko pale. Lakini yanayoamuliwa pale yanazama ndani ya salamu na picha za harusi. Sheria yetu: aliyesema neno la mwisho kwenye jambo ndiye analihamisha kwenye issue (ukurasa wa mjadala) ya repo siku ile ile, hata mistari miwili. Na kwa kila chombo tuko na `docs/maamuzi.md`: tarehe, tulichagua nini, tuliacha nini, kwa sababu gani, na hali gani ikibadilika tutalifungua tena. Kijana mpya akija na chombo chake kipya tunamwonyesha ule mstari. Mara ingine yeye njo ana haki, hali imebadilika kweli, na tunabadilisha.

Baada ya miezi mitatu pima. Usipime kwa uzuri wa tovuti. Fungua repo uandike:

```
git shortlog -sn HEAD -- docs
```

Itakutolea majina ya wote walioandika maelezo, mwenye komiti nyingi juu. Ukikuta jina moja tu, na ni lako, chukua tena ile karatasi ya watu, ukae na yule wa duara umuulize alikwama wapi, na usimuulize kwenye kikundi, muulize mkiwa wawili. Kwetu, mara ya mwisho niliyoiandika, mstari wa kwanza ulikuwa jina la dada wa Bagira. Mimi nilikuwa wa tatu.